Chupa za Dresa

Hakusalimia kama watu wengine. Ukimnyoshea mkono aliushika, akaugeuza kiganja juu, akatazama vidole kimoja baada ya kingine, kama mama anayekagua mtoto kabla ya kwenda kanisani. Hapo ndipo aliposema habari. Na kama hukuunyosha, aliudai: "Leta mkono." Wanaume wenye ndevu waliuleta. Hata nyapara wetu, ambaye hakuogopa mtu, aliuleta huku akitazama pembeni.

Tulimwita Dresa kwa sababu ya kazi yake, kufunga vidonda katika zahanati ya shamba la mkonge, nje ya Thika, upande wa kwenda Ruiru. Jina alikuwa nalo, bila shaka, lakini sikumbuki mtu akilitumia. Kwao wapi, mwana wa nani, sijui na sikuuliza. Miaka ile ya Hali ya Hatari mtu mwenye akili hakumuuliza mwenzake ametoka wapi. Nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira, na kwamba Dresa alikuwa ananitunzia kitu changu na hakunirudishia. Nitamsema kwa haki, nikiweza.

Chumba chake kilikuwa cha mabati, nyuma ya ghala la nyuzi, na kilinuka sabuni nyekundu ya dawa kuliko hospitali yoyote niliyoingia baadaye. Alikuwa na vita na uchafu. Jumamosi alipita kwenye laini, zile safu za vyumba tulivyokaa familia mbili mbili tukitenganishwa na gunia, akigonga milango kwa fimbo. "Maji umechemsha?" Ndilo lililokuwa swali lake, hata kwa mtu aliyefiwa. Jirani yangu alikuwa akipika pombe ya muratina, na akimsikia Dresa anakuja alilikalia pipa, akalifunika kwa rinda lake na kuanza kumenya viazi. Dresa alisimama mlangoni, akavuta pumzi. "Mama," akamwambia, "hiyo kiti yako inanuka." Akaenda zake.

Na mtu huyu huyu wa usafi alinusa tumbako mpaka koti lake jeupe likawa na michirizi ya kahawia kifuani. Ukikitazama kifua chake alijikinga na kitabu cha wagonjwa. Kiswahili chake alikuwa amekiokota jeshini, kule Bama alikopelekwa vitani na Waingereza, pamoja na kazi yenyewe, na kilitoka kwa amri hata alipokuwa akikubembeleza. "Kaa chini! Hapana lia! Hii itauma kidogo sana!" Iliuma sana, kila mara. Lakini alipomaliza alipuliza pale pa kidonda, taratibu, na yule sajini aliyekuwa akikuamuru akawa hayupo tena.

Tuliyokuwa nayo ilikuwa mashine moja tu, na kwetu sote jina lake lilikuwa Mashini. Majani ya mkonge yaliletwa na toroli, ukayatandaza mezani, minyororo ikayashika na kuyapeleka ndani kwenye visu butu vilivyoyaponda mpaka zikabaki nyuzi. Minyororo haikujua jani ni lipi na mkono ni upi. Mdomo wa Mashini ulikuwa wazi. Kuizima ilibidi mtu akimbie hadi upande wa injini, na aliyekimbia hakuwahi kufika kwa wakati.

Dresa aliichukia, lakini alikuwa na tabia ya kwenda kusimama mlangoni mwa kiwanda na kuisikiliza, kichwa amekiinamisha. "Leo mkanda umelegea," angesema. "Itavuta mtu." Na mara nyingi siku hiyo ilivuta. Kwa hiyo watu wakaanza kumwogopa. Wengine walisema anaelewana nayo. Wengine walisema ndiye anayeilisha, la sivyo angejuaje? Wakimwona mlangoni, waliokuwa mezani walirudi nyuma hatua moja, na nyapara akatukana. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema maneno hayo, tena kwa sauti.

Wanaume wengi wa kwetu walipokamatwa na kupelekwa kizuizini, wanawake tulitolewa kwenye nyaya za kuanikia nyuzi tukawekwa mezani, mdomoni pa Mashini. Nilikuwa na umri wa kuolewa. Asubuhi moja ilichukua kidole changu cha pete na kile kidogo, mkono wa kushoto. Nakumbuka sikuona maumivu kwanza. Niliona aibu, kwa sababu watu wote waliacha kazi wakanitazama.

Dresa aliponifunga aliniuliza kitu alichowauliza wote: "Nikuwekee?" Mtu asiyekuwa wa wakati ule hataelewa. Kwetu kipande cha mwili wa mtu hakitupwi jalalani mbwa wakakichezea. Kinazikwa nyumbani, penye udongo wa watu wako. Lakini sisi nyumbani hatukuwa napo. Mama alikuwa amehamishiwa kijiji cha kuzungushiwa handaki, ng'ambo ya mto Chania, na mimi singeweza kufika huko bila pasi. Kuzika vidole kwenye ardhi ya shamba la Mzungu ilikuwa ni kama kumpa hata hivyo vilivyobaki. Basi Dresa akawa anatuwekea. Alivitia kwenye chupa yoyote aliyopata, ya jemu, ya dawa ya kikohozi, akajaza spiriti, akabandika karatasi kwa uji wa unga, akaipanga rafuni nyuma ya pazia. Yangu ilikuwa na kifuniko cha bluu. Nilimwona akiandika, nikamwuliza ameandika nini, kwa kuwa sikujua kusoma. Alinisomea: jina langu, tarehe, vidole viwili, kushoto. Chini yake aliongeza maneno mawili: vinangoja kwao.

"Siku ukipata kwenu," aliniambia, "unakuja, unachukua. Hata mimi nikiwa nimezeeka. Umesikia?"

Nikamwamini. Hicho ndicho kitu changu.

Kuna mlevi mmoja aliyeingia mle mchana akitafuta spiriti. Dresa alimkuta amefunua chupa na kuiinua. Hakumpiga. Alimwambia tu, kwa upole wake wa kijeshi, "Kunywa. Lakini tafuna vizuri, hiyo ni kidole ya shemeji yako." Yule mtu aliacha pombe muda mrefu, na jirani yangu mwenye pipa alilalamika kwamba Dresa anamharibia biashara.

Kitu kingine ambacho watu hawakuamini nilipowasimulia baadaye ni mwasho. Vidole havipo, na vinawasha. Unaamka unavikuna, unakuta hewa. Niliogopa kumwambia mtu, nikidhani nimerogwa, mpaka nikamwambia Dresa. Hakucheka wala hakuniombea. "Leta mkono," alisema. Akauweka juu ya goti lake, akanyosha ukucha wake mahali vidole vyangu vingekuwa kama vingekuwepo, akaanza kukuna hewa.

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Hapa?"

Na mwasho ukaisha. Wanaume waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini kila mmoja wao aliyekuwa amekatwa alirudi baadaye peke yake, na Dresa akamkunia naye hewa yake, kwa makini, bila kuangalia saa.

Foleni hiyo nayo ilikuwa na siri. Mikutano ilikuwa imekatazwa. Watu wachache wakisimama pamoja, askari aliuliza wanapanga nini. Lakini foleni ya dawa iliruhusiwa, na Dresa akaifanya foleni kuwa mkutano. Ukipita Jumatano ungedhani shamba zima lina kifua. Tulikohoa kwa zamu, na katikati ya kikohozi Dresa alitufundisha: kwamba kuna sheria za viwanda, kwamba mashine kama ile mahali pengine ina wavu wa chuma mdomoni na kamba ya kuizima juu ya kichwa cha mfanyakazi, kwamba mtu hapaswi kusimama pale tangu alfajiri mpaka jua linazama. Wavu, kamba, masaa. Aliturudisha kwenye mambo hayo matatu kila Jumatano. Barua alizoandika kwa ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, zilitoka shambani zimekunjwa ndani ya oda za kwinini, dawa ya malaria. Tulimsikiliza, tukakohoa, tukarudi mezani. Sidhani kama kuna aliyeamini kitu kingetokea.

Tena, alikuwa mwoga. Hili sitalificha. Meneja akiingia, Dresa alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, na alisema "ndiyo bwana" kabla swali halijaisha. Meneja alikuwa ameamuru kitabu cha ajali kiandikwe tu mtu akipelekwa hospitali kubwa mjini. Vingine vyote vilikuwa mikwaruzo. Mimi ni mkwaruzo. Dresa alitii, na kitabu kikabaki kisafi.

Ofisa wa leba alipokuja hatimaye, alikuwa Mzungu kijana mwenye Kiswahili cha kuandikwa. Nilikuwa nikifagia baraza ya ofisi, kazi niliyopewa baada ya mkono kukatwa. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na juu yake birika na sahani ya biskuti. Walizungumza lugha yao wakacheka kidogo. Kisha Dresa akaitwa.

"Ni watu wangapi walioumia katika mashine mwaka huu?" ofisa alimuuliza.

Meneja alijibu kwanza. "Mbili tu. Nalikuwa nalewa, hiyo watu. Eh, Dresa? Mbili?"

"Ndiyo bwana," Dresa akasema, kofia mikononi.

"Lete buku," meneja akamwamuru, akimaanisha kitabu cha ajali.

Akatoka. Alikawia. Kabla sijamwona nilisikia vioo vikigongana, ting, ting, ting, vikija kwenye kona ya jengo. Alikuwa amebeba lile sinia la kuchemshia sindano, na mikono ilimtetemeka kiasi kwamba chupa hazikutulia. Alizipanga juu ya kitambaa cheupe, moja moja, kati ya birika na biskuti. Ilimchukua muda. Nilijaribu kuzihesabu, nikaachia njiani nilipoona kifuniko cha bluu.

"Hii ndiyo buku yangu," Dresa alisema.

Ofisa alisimama, akaenda mpaka kwenye ukingo wa baraza, akatugeuzia mgongo. Aliporudi uso wake ulikuwa na rangi nyingine. "Za nani hizi?" aliuliza. "Nipe majina."

"Majina sina, bwana."

Ndipo nilipoona chupa ziko tupu kwa nje. Karatasi zilikuwa zimebanduliwa. Uji mkavu tu ndio ulibaki, madoa meupe. Nilidhani amelitupa jina langu. Zilitiwa kwenye sanduku, zikazungushiwa makapi ya mkonge zisivunjike, zikapakiwa kwenye gari. Nilitaka kupiga kelele kwamba moja ni yangu. Nilifagia.

Dresa alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alipita katikati ya laini na sanduku lake la bati begani, na hakuna aliyemsindikiza. Waliokuwa na chupa walifunga milango. Mimi niliufunga wangu kwa kishindo ili asikie. Hakuwa amemuuliza hata mmoja wetu. Tulimpa atutunzie, yeye akatupanga mezani kwa Wazungu pamoja na biskuti.

Baadaye mafundi walikuja kutoka Nairobi. Waliweka wavu wa chuma mdomoni. Waliweka kamba nyekundu juu ya meza, ukiivuta Mashini inasimama yenyewe. Masaa yakapunguzwa. Watu walisherehekea, na jirani yangu akauza pipa lote. Mimi sikunywa. Tangu chupa zilipoondoka vidole vyangu viliacha kuwasha, vikaanza kuwa baridi, baridi ya maji. Wakati mwingine nilivihisi vimebanwa, kana kwamba kuna kitu kinavisukuma kutoka pande zote. Hapakuwa na mtu wa kunikunia.

Mdogo wangu Wambui alipokuja kufanya kazi nilimkataza, akakataa kukatazwa. Mwezi wake wa kwanza mkono wa sweta yake ulinaswa pembeni mwa wavu. Alivuta kamba nyekundu. Aliporudi chumbani alikuwa akicheka, ananionyesha sweta ilivyochanika, akiuliza kama nina uzi wa rangi ile. Nilimshika mkono, nikaugeuza kiganja juu, nikavihesabu vyote, kisha nikaudai ule mwingine. "Wewe, unafanya kama Dresa," aliniambia. Nikamwachia. Siku hiyo nilimchukia yule mzee kuliko siku zote, kwa sababu nilijua vidole vile kumi vimetoka wapi, na bado nilitaka vyangu.

Karibu na mwisho wa miaka ile mashamba ya kwetu yalipimwa upya, na mama akapewa kipande, chembamba, kinachoteremka mpaka kwenye kijito. Kitu cha kwanza nilichofikiri hakikuwa mahindi. Nilifikiri: sasa nina kwetu. Niliulizia Dresa mpaka nikaambiwa yuko Ruiru, nyuma ya stesheni, anashona magunia ya kahawa.

Nilimkuta ameketi juu ya rundo la magunia, sindano kubwa mkononi. Koti jeupe halikuwepo, lakini ile michirizi ya tumbako ilikuwa imehamia kwenye shati. Alikuwa amekuwa mdogo.

"Habari, mzee."

Hakuinua kichwa. "Leta mkono."

Niliuficha nyuma. "Kwanza leta changu. Nimepata kwetu."

Sindano ilisimama. "Njeri," alisema. "Kifuniko ya bluu."

Alinitengea gunia nikae, nikabaki nimesimama.

"Nilienda Nairobi," alisema. "Mara tatu. Kila mara natafuta pasi, nasimama kwa mlango. Ya tatu karani mmoja alinionea huruma, akanipeleka ndani." Alinusa tumbako, ikamwagika nusu. "Wameviweka kwa chupa moja, Njeri. Zote. Chupa kubwa hivi. Hazikuwa na majina, wakaona za nini kutenga. Karani akaniambia, chagua."

Nikaelewa ile hali ya kubanwa. Nikaketi kwenye lile gunia.

"Ukachagua?"

"Niliangalia mpaka macho yakauma. Mikono yenu nilikuwa naijua, hata gizani. Vidole peke yake sikuvijua. Zote nyeupe, zote sawa. Nikupe kidole ya mtu mwingine ukazike kwa shamba ya mama yako?"

"Hapana," nikasema. Hilo lisingewezekana, na sote wawili tulijua.

"Asubuhi ile nilibandua majina. Ningempa ile Mzungu majina, kesho yake nyinyi nyote mngekuwa nje ya laini, na wengine wangeitwa kuhojiwa. Unakumbuka siku zile. Nikasema, chupa zenyewe nazijua. Hii ya jemu ya fulani, hii ya kikohozi ya fulani. Sikufikiri kwamba wao wana chupa zao."

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilimfikiria Wambui na sweta yake. Lakini siku ile pale barazani hapakuwa na Wambui wala kamba, kulikuwa na mimi na kifuniko changu cha bluu.

"Nisingekubali."

"Hata mimi nilijua hivyo, ndiyo maana sikuuliza," alisema. "Hiyo ni kosa langu. Majina ni kosa ingine."

Alilaza sindano chini, akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa kitabu cha wagonjwa, kile kile. Katikati ya kurasa kulikuwa na vikaratasi, vingine vimechanika kwenye kona, vyote vimelazwa sawasawa. Alivipekua kwa kidole kimoja bila haraka, akanitolea kimoja. Kufikia wakati huo nilikuwa nimejifunza kusoma. Jina langu. Tarehe. Vidole viwili, kushoto. Vinangoja kwao. Nyuma yake uji ulikuwa bado umegandamana, ukiugusa unakwaruza.

"Wengine wamekuja?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye wa kwanza."

Nilikikunja kile kikaratasi nikakifunga kwenye ncha ya leso. Nilijua nitakizika karibu na kijito, na nilijua haitatosha. Sikumwambia kwamba nimemsamehe, kwa sababu sikuwa nimemsamehe, na yeye hakuomba. Treni ya mizigo ilipita, tukangoja ipite. Ndipo mwasho ulipoanza, ule wa zamani, ambao sikuwa nimeupata tangu chupa zipakiwe kwenye gari.

Aliona usoni pangu. "Leta mkono," alisema tena, polepole safari hii.

Niliutoa nyuma yangu nikauweka juu ya goti lake. Ukucha wake ulikuwa umepinda. Akaunyosha, akaanza kukuna pale pasipo na kitu.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo," nikamwambia. "Hapo hapo." Na sikuuondoa mkono.